Mkaguzi Sakafuni

Mkaguzi wa nyumba yetu ya wazee huja na chupa yake ya chai kwapani, hunusa mashuka na kuonja supu kwa kijiko chake mwenyewe. Hatabasamu. Jumanne, kibali chetu cha kuendesha nyumba kikiwa mkobani mwake bila sahihi, alijilaza kwenye sakafu ya bafu, akavuta kamba ya kengele, akatazama saa. Sisi wahudumu tulikuwa uani tukipokezana kibuyu kimoja cha chai chungu inayofyonzwa kwa mrija, na hakuna aliyetaka kupoteza zamu yake ya mrija. Aliyefika ni don Eleuterio, mmoja wa wazee tunaowatunza, mwenye miaka tisini na moja, akisukuma kigari chake cha kutembelea.

"Inuka, binti, utashikwa na baridi."

"Wahudumu wako wapi?"

"Kibuyu hakijamaliza mzunguko. Kengele huwa naitikia mimi."

Mkaguzi akaandika: "Kibali kisubiri. Wafundishwe na mzee."

Tangu Jumatano, don Eleuterio anatufundisha kutembea haraka.