Ncha ya Kisu cha Mzee Ame

Mzee Ame amechuna ng'ombe wa hapa kwetu Jadida kwa miaka thelathini na minne, na hii kumi ya mwisho sidhani kama kuna siku aliyoipenda kazi hiyo. Mimi jirani yake ndiye ninayemshikia miguu ya ng'ombe, kwa hiyo nayasikia magoti yake kila anapochutama.

Mwaka huu mwanawe Suhail alimletea kutoka Maskati kisu cha wawindaji: mpini wa raba na pakiti ya nyembe. Wembe ukifa makali unauchomoa, unatia mwengine. Mzee alifurahi, maana kunoa ndiko kulikommaliza viganja.

Asubuhi ya Sikukuu Kubwa, ng'ombe wa tatu alikuwa wa Bi Zulekha, mjane. Ngozi ilivuka kama kanzu. Lakini mazoea yana taabu. Kwenye goti mzee akatia ncha ndani ya kifundo na kuipinda, kama alivyopinda kisu chake cha mhunzi maisha yake yote. Kifundo kikaachia, akaendelea.

Alipotaka kubadili wembe ndipo akaona hauna ncha. Nyama ilikwishakatwa mafungu, na nusu ya mifuko imekwenda kwa majirani. Niliyeona ni mimi tu. Nikamkonyeza anyamaze, nilikuwa nimechoka, nina njaa, na kipande chenyewe hakifiki ukucha. Aliniangalia kama mtu anayetamani kunisikiliza. Kisha akashika bega langu, akainuka.

"Bi Zulekha, n'sameheni. Nyama ino asiile mtu. Mna kipande cha wembe ndani."

Watu walinuna, lakini mifuko ikarudi mmoja mmoja. Suhail alivunja spika ya redio mbovu, akatoa sumaku, tukaipitisha juu ya kila pande la nyama mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Hatukupata kitu.

Likabaki fungu moja lisilorudi. Mchunaji halipwi ujira kwa nyama ya udhiya, ila hutumiwa zawadi, na Bi Zulekha kwa heshima alianza kugawa na nyumba ya Mzee Ame. Tulipofika, mkewe Mwanapili alikuwa ameshalitia sufuriani, na wajukuu wamekaa na sahani zao. Mzee aliifunga sumaku kwa uzi akaizamisha ndani ya mchuzi. Mara ya tatu ilipanda na ile ncha.

"N'shamuonjesha Khairat," Mwanapili akasema, akamvuta yule mdogo kifuani, akamtazama mdomo.

Mzee akaibandua ncha kwenye sumaku. Akaiweka kiganjani mwangu, mimi niliyemkonyeza anyamaze.

Tukarudi kwa Bi Zulekha.

"Imeonekana wapi?"

"Kwangu."

"Alhamdulillahi," akasema, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Alhamdulillahi," Mzee Ame akaitikia. Akachutama polepole mbele ya ng'ombe wa nne, akaniomba nikamletee kinoo.