Meli ya Malapa na Meli ya Zulia

Mimi nimepanda meli mbili za starehe. Nalisema mapema kwa sababu hapa Kitanga wapo wanaodhani ni uongo wa bibi kizee, na wao wenyewe hawajafika hata Kigoma mjini kuliona ziwa. Nimepanda mbili. Moja ya watu wa kawaida, moja ya matajiri. Zote kwa ajili ya mjukuu wangu, binti wa binti yangu wa kwanza, ambaye kazi yake ni kuoka mikate melini. Mfanyakazi akishakaa muda wa kutosha anaruhusiwa kumpandisha ndugu mmoja kwa nauli ndogo. Wenzake huleta wachumba. Yeye alinileta mimi.

Daktari wa zahanati yetu, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Kilimanjaro, aliniuliza ipi ilikuwa bora. Nikamwambia aniulize ipi ilinitisha zaidi, maana niliogopa kote, tangu kupanda mpaka kushuka.

Maji nilitegemea kuyaogopa. Sisi wa milimani maji yetu ni ya kuchota. Unayafuata wewe, hayakufuati. Lakini woga wangu mkubwa haukuwa maji. Ulikuwa pasipoti yangu, isije ikatoka mkononi mwangu.

Nieleze. Mimi nilizaliwa ng'ambo, Burundi, nikaletwa huku mgongoni kwa mama nikiwa nanyonya. Nimekulia hapa, nimelima hapa, nimezaa saba hapa. Uraia nimeupata kichwa kimeshakuwa cheupe. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na kikaratasi chake cha kumwonyesha mwenye kuuliza. Siku moja marehemu mume wangu alikwenda Kibondo kuuza maharage. Njiani akasimamishwa na mtu mmoja mwenye koti, sijui wa ofisi gani mpaka leo. Yule mtu akakisoma kikaratasi, akakikunja, akakitia kwenye mfuko wake mwenyewe. Akamwambia kwa upole kabisa, "Ngoja hapa, mzee. Nakutunzia."

Akangoja. Kilichokuja ni lori. Lilikwenda kumwaga watu ng'ambo, kwenye vilima ambako hakumjua tena hata mtu mmoja. Alirudi kwa miguu baada ya miezi minne, mguu mmoja umevimba, na mguu huo haukunyooka tena mpaka anakufa. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu ikawa sheria: ukimpa mtu karatasi, kidole chako kibaki juu yake. Watoto wangu wote wanafanya hivyo. Walimu wao waliwacheka.

Basi pasipoti ilipotoka, nilishona mfuko ndani ya gagulo langu, nikaiweka humo.

Meli ya kwanza tulipandia Durban, huko Afrika Kusini. Kubwa kama Kasulu mjini imesimamishwa wima. Foleni yake kama ya mnadani. Watu wanasukumana, watoto wanalia, mabegi yanapasuka. Kila mtu amevaa malapa. Wazee wazima, matumbo nje, na malapa. Kijana wa mlangoni aliishika pasipoti yangu, akaitazama, akanitazama, akairudisha hata kidole changu sijakiondoa. Nikasema moyoni, hawa ni watu.

Chakula unajipakulia. Sahani unabeba mwenyewe, kiti unatafuta mwenyewe, ukikosa unakula umesimama. Kuna mtelezo wa maji wenye rangi, watu wazima wanatelezea humo wakipiga kelele kama nguruwe wa sikukuu. Bwana mmoja alimwaga bia kwenye kitenge changu, akanipangusa kwa taulo lake, akacheka, nikacheka na mimi. Chumba chetu hakikuwa na dirisha, na mashine ilinguruma chini ya kitanda.

Mara honi zikalia, nyingi, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyenieleza. Nilijua tumekwisha. Nilishika gagulo langu kwa mikono miwili, nikapanda ngazi nikimwita Mungu kwa Kiha, na huko juu nikakuta watu mia wamevaa makoti ya rangi ya chungwa wanapiga picha. Kumbe ni mazoezi ya kujiokoa. Mama mmoja mnene, mgeni kabisa, aliona ninavyotetemeka, akanishika mkono mpaka wakamaliza. Lugha yake sikuijua. Mkono wake ulikuwa na jasho kama wangu.

Huo ndio woga wa meli ya malapa. Una makelele, na unaisha.

Baadaye mjukuu wangu akapandishwa cheo, akaajiriwa kwenye meli ya matajiri. Hiyo tulipandia Unguja. Ndogo, nyeupe, kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Hakuna foleni. Nilipofika juu, kijana akanipa kitambaa cha baridi nijifute uso. Mwingine akachukua begi langu kabla sijaomba. Wa tatu, binti mzuri mwenye kucha ndefu, akanyoosha mkono kwa heshima zote, na mjukuu wangu, aliyekuwa amesimama pembeni kwenye sare, akanitafsiria.

"Pasipoti, bibi. Za abiria wote zinakaa kwao mpaka mwisho wa safari. Wanasema watakutunzia, usisumbuke."

Nikamwambia mjukuu sitoi. Akatabasamu kwa ajili ya wale wengine, lakini sauti aliyonisemea ilikuwa nyingine.

"Mke mwenzangu, nakuomba. Wakubwa zangu wanaangalia."

Nikatoa. Nikageukia ukutani, nikapandisha gauni, nikatoa. Kidole nilikiacha juu yake, yule binti akavuta polepole, akicheka vizuri, mpaka kidole kikabaki peke yake.

Tulizungukazunguka upande wa Pemba. Sikumbuki uzuri wowote. Zulia lilikuwa nene hivi kwamba mtu anakufikia mgongoni hujamsikia. Chakula kililetwa kidogo katikati ya sahani kubwa, kama dawa, na kila nikiweka kijiko chini mtu anakiokota na kuleta kingine. Nikitoka chumbani, nikirudi kitanda kimetandikwa na gauni langu la kulalia limekunjwa. Nani amelishika? Sikumwona. Kibaya kuliko vyote, kila mfanyakazi aliniita kwa jina langu la ukoo. Mjukuu alisema ndiyo adabu ya huku, wanayasoma majina ya wageni wote na kuyakariri. Mimi najua jambo moja: mtu anayekujua jina na hujamwambia, huyo ameona karatasi yako.

Kwenye ile ya kwanza mjukuu alikuwa anakuja na unga kwenye nyusi, tunakula pamoja. Huku hakuruhusiwa kuketi na abiria. Alipita mbali, akaniinamishia kichwa kama mgeni. Kila alipopata nafasi ya kunisogelea nilimuuliza iko wapi. Alisema iko kwenye sanduku la chuma. Niliuliza nani ana ufunguo. Akasema, bibi, kula.

Siku ya tatu asubuhi tukafunga Mombasa. Tukiwa kwenye chai, yule binti wa kucha ndefu akaja akiwa na orodha, akapita meza hii na hii bila kusimama, akasimama kwangu. Kijana wa chai akanitafsiria: ninatakiwa sebuleni. Uhamiaji wamepanda melini.

Wazungu waliendelea na mayai yao. Mimi niliinuka. Nilitazama nje, nikaona gati, na gatini pameegeshwa malori. Ni ya mizigo, nayajua malori ya mizigo. Niliyahesabu hata hivyo.

Sebuleni ameketi mzee wa Kimombasa mwenye kofia, miwani puani, na pasipoti yangu iko mbele yake. Imefunguliwa. Mjukuu wangu aliitwa kutoka jikoni aje kutafsiri, akafika mbio, aproni haijavuliwa. Lakini yule mzee akasema Kiswahili kitamu kuliko changu.

"Umezaliwa wapi, mamangu?"

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko kuzama. Maana maisha yangu yote nimelijibu swali hilo kwa majibu mawili. Shuleni kwa watoto nilisema Kitanga. Kwenye fomu za uraia nilisema ng'ambo. Ya pasipoti aliijaza kijana mmoja pale mjini, na mimi herufi nazisoma mojamoja kama kuchambua maharage; sikuwahi kuangalia aliandika lipi. Nikitaja lisilo ndani ya kile kitabu, nimekwisha. Na kitabu kiko upande wake wa meza.

Nikamwambia, "Baba, nipe kwanza nikishike. Bila karatasi yangu mkononi mimi sijui nilizaliwa wapi."

Mjukuu akafunika uso. Yule mzee akavua miwani. Hakucheka. Akaisukuma pasipoti mpaka upande wangu.

Nilipoishika, sikuisoma. Niliishika tu. Kisha maneno yakatoka yenyewe. Nilisema nimezaliwa Burundi, nimeletwa mgongoni, nimekuwa Mtanzania, na mume wangu alipakiwa kwenye lori kwa sababu alimpa mtu karatasi yake. Nilisema yote, hata ambayo hakuuliza.

"Pole, mama," akasema. "Mimi najaza fomu tu. Na natafuta cheti chako cha homa ya manjano."

Kilikuwa kimekunjwa humohumo, ndani ya jalada la pasipoti. Nilikitoa mimi mwenyewe. Akaandika, akagonga muhuri huku pasipoti imo mikononi mwangu, akainuka akaenda zake.

Yule binti akanyoosha mkono tena, na tabasamu lilelile. Nikaisukumia kifuani, nikafunga kanga juu yake. Mjukuu alinong'ona kwamba atafukuzwa kazi. Nikamwambia kuoka mikate kumejaa duniani. Wakasemezana kwa Kizungu, akaitwa mkubwa mmoja, naye akasema mambo mafupi. Mwisho wakaleta karatasi. Mjukuu akanisomea: ninakubali kukaa na pasipoti yangu mwenyewe, ikipotea ni juu yangu.

"Weka dole gumba, bibi, twende," akasema. "Watu wanasubiri nyuma yako."

Nyuma yangu walikuwa wanne, wamevaa kofia za jua, wanataka kushuka kutembea. Nikasema dole gumba siweki, naandika. Nilishika kalamu kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko kifuani. Herufi ya kwanza ikatoka kama mnyoo. Nikaendelea na ya pili. Jina langu lina herufi kumi na moja, na niliziandika zote.