Baba Aliyekataa Kuahidi

Kakao ikivundikwa chini ya majani ya migomba hutoa harufu tamu yenye uchachu, na mpita njia anaweza kuapa kuwa kuna pombe inapikwa. Msimu ule wa mvua, nyumbani kwetu nje kidogo ya mji wa Kyela, harufu hiyo ilinitia hofu. Baba alikuwa ametengwa na kanisa kwa sababu ya ulevi. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma, haruhusiwi kushiriki Meza ya Bwana, mpaka siku atakayosimama mbele ya waumini, aahidi kuacha, arudishwe kundini. Alikwisha kuahidi zamani, tena kwa sauti iliyotikisa mabati, akaanguka. Siku ya kurudishwa ilipokaribia, mama alimsihi sanduku la kuvundikia kakao lihamishiwe nyuma ya jiko. Baba akacheka, akaliweka barazani, akavuta kigoda na kukaa kando yake. "Mwanamume hakimbii harufu," alisema. Mama akarudi jikoni.

Mvua haikukatika. Maji yalijaa kwenye majaruba ya mpunga, yakafunika njia, na mifereji ikageuka vijito vya rangi ya matope. Mama alikuwa na sababu ya kuogopa, maana masika yaliyotangulia jirani yetu mmoja alitoka kilabuni na kuzama kwenye maji yasiyofika kiunoni. Basi mwenye shamba mmoja akaita watu wamsaidie kupanda mpunga, na kama ilivyo desturi, wasaidizi hupewa kimpumu, pombe ya ulezi inayonyonywa kwa mrija. "Baba Atupele, nakuomba usiende," mama alisema, akimwita kwa jina langu. "Nitakwenda mimi badala yako." Baba akasema atakwenda, atapanda, atakaa katikati yao na hataonja hata tone, ili watu wajue yeye ni nani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alasiri wenzake walipita wakiimba, yeye hayumo. Mama alitupa ungo akatoka mbio, nami nikamfuata. Tulimkuta amelala chali mferejini, maji yakimfika masikioni, mkono mmoja umeng'ang'ania majani ya ukingoni. Baba yangu, aliyekuwa akijitwisha gunia la mpunga bila kusaidiwa, hakuweza kuinua shingo. Alikuwa akimwita mama yake, ambaye tulikwisha kumzika. Niliogopa, na sijawahi kuogopa vile tena. Mama alipiga yowe, watu wakaja, wakamvuta.

Jumapili yake aliitwa mbele. Mchungaji akamwuliza kama anaahidi. "Mchungaji, siahidi," baba akasema. "Niliahidi nikaanguka. Nguvu sina. Yesu akinitaka hivi nilivyo, anichukue. Asiponichukua, maji yale yatanimaliza." Wazee wa kanisa wakatazamana, mmoja akanong'ona kwamba utaratibu ni utaratibu. Mchungaji akashuka madhabahuni, akamshika baba mkono. "Njoo, ndugu yangu," akasema. "Hapo ndipo tulipokuwa tukikungoja." Mama alilia kwa sauti, bila kujificha.

Sitadanganya kwamba baba hakuanguka tena. Alianguka, lakini safari hiyo hakungoja kutengwa. Alikwenda mwenyewe akakaa benchi la nyuma, maana ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Alizeeka akiwa na akili zake timamu, na kila asubuhi aliomba kama mtu aliyekwisha kuonja kifo.

Siku hizi makanisa ni mengi, kuanzia Mbugani hadi Kasumulu, yana vipaza sauti na viti vya plastiki, na la kwetu halina tena benchi la nyuma. Vijana hupanda jukwaani kutangaza kwamba wameshinda, na mifukoni mwa baadhi yao mna vichupa vya pombe kali. Nikisikia majigambo yale namkumbuka baba mferejini. Mwezi uliopita tulimtoa kijana wa mdogo wangu, akiwa maiti, kwenye jaruba lililojaa maji. Jumapili iliyotangulia alikuwa ameahidi kwa sauti kubwa, nasi sote tukampigia makofi.