Msiba wa Gasorwe na Kazi ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu anajua kuona malaria. Nasema kuona, kwa macho. Unatobolewa kidole, anaweka tone la damu kwenye kioo, anainamia hadubini, akiinuka anakwambia unayo au huna. Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililisomea kambini Tanzania. Lakini ni mimi niliyemlea binti huyo hapa Bugendana, kwa maharage na mihogo, mpaka akapata diploma ya maabara. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema hamjui mtoto huyu, damu inanipanda, na sitamwomba mtu radhi.

Baada ya shule walimpeleka hospitali moja Muyinga kufanya staji. Miezi sita. Staji ni kazi kama kazi nyingine, ila wewe hulipwi na unaambiwa useme asante. Alikaa kwa mama mmoja Mkongomani wa Kivu anayeuza dagaa sokoni. Asubuhi alifika wa kwanza, jioni aliosha vioo vya watu wote. Mkuu wa maabara, bwana mmoja mzaliwa wa Gasorwe, alikuwa akimsifu: "We mkono wako hautetemeki." Miezi sita ikaisha, wakamwambia nafasi hakuna, akarudi kwangu na cheti na koti jeupe.

Hayakupita hata majuma matatu, habari ikaja: mama mzazi wa yule mkuu amefariki, mazishi kesho kutwa, Gasorwe. Mtoto akaanza kukunja nguo.

"Unakwenda wapi?"

"Kuzika, Bibi. Shefu wangu wa maabara kafiwa na mama."

"Shefu wa nini? Mtu kakutumikisha miezi sita bila hata kipande cha sabuni, leo unamlilia mama yake? Kaa chini. Maharage yanataka kupaliliwa."

Akakaa. Ni mtoto mtiifu. Akamtumia yule bwana picha ya mshumaa kwenye simu, mshumaa unaowaka wenyewe, chini yake maneno ya Kifaransa. Mimi nikaona imetosha. Nalisema hili mapema usije ukanidhania mtakatifu.

Msimu ukapita, wa pili ukaingia. Mtu aliyesomea damu analima mihogo. Jioni nilikuwa namwona anaitazama mikono yake, imeota sugu, nikajua anachowaza: mkono wa maabara ukikaa sana na jembe unasahau. Hilo ndilo lilikuwa linaniuma.

Wakamwita semina Gitega, vijana wenye diploma wamejaa ukumbi mzima. Bwana mmoja wa tai akawafundisha kwamba siku hizi diploma peke yake haikupi kazi, kazi inatoka kwenye rezo, yaani kujuana na watu na kutunza huko kujuana. Aliponisimulia nilicheka mpaka nikakohoa. Hilo ndilo wamemvalisha tai afundishe? Mimi nimebeba vikapu kwenda arusi za watu tangu sijamzaa mama yake, nimelala matangani kwenye majani, nimewalimia wajane. Hakuna aliyenipa cheti. Tena rezo ya bwana huyo ilikuwa ya kidole tu: hifadhi namba, tuma salamu sikukuu, weka picha yako unatabasamu. Mtoto alirudi na simu imejaa watu, na hata mmoja hajui kwao ni mlima upi.

Basi kliniki moja ya Gitega ikatafuta mtu wa maabara. Wakataka majina mawili ya watu wanaoijua kazi yake. Akaandika mwalimu wake, akaandika na mkuu wa Muyinga, bila hata kumpigia kumwambia nimekuandika. Siku zikapita, kimya. Tukaenda kuuliza, mimi nimesimama mlangoni nasikia kila neno. Sekretari akamwambia:

"Dada, mwalimu kakusifu. Lakini huyu wa Muyinga anasema ulipita pale, zaidi ya hapo hakujui. Mkubwa anasita. Mwisho wa mwezi, kama hakuna neno lingine, tunachukua mtu mwingine."

Hakujui! Njia nzima ya kurudi nilimtukana yule bwana kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo nilichonacho. Kama kazi ya mtoto ilikuwa mbaya, sema mbaya. Kama alikukosea, sema alinikosea. Lakini kumwona mtu kila siku miezi sita halafu useme humjui, huko ni kumzika mtu hai. Niliongea mpaka karibu na nyumbani. Tulipoanza kupanda kilima ndipo aliposema, taratibu, bila kunitazama:

"Bibi, mi nilitaka kwenda."

Nikakaza mwendo, nikamwacha nyuma. Neno hilo liliniongezea hasira.

Asubuhi nikampigia yule mama wa dagaa wa Muyinga. Huyo kila msiba anaujua.

"Eh, mama mukubwa!" akapiga kelele. "Mi nilikuwa nangoja unipigie. Jumamosi iko kule kwao wanaganduka. Kama hamukuje sasa, basi, imekwisha."

Kuganduka ni siku ya kuondoa matanga ya mwisho. Ukoo unakaa, watu wanakunywa, msiba unafungwa. Aliyekosa mazishi bado anaweza kuja siku hiyo na mkono wake wa pole. Ikipita, hana mlango tena.

Tukaenda na dumu la pombe ya ndizi. Mafuta ya magari yalikuwa ya shida, tukalala Muyinga kwa mama wa dagaa, asubuhi tukaingia Gasorwe, tukapanda mlima kwa miguu, dumu tunapokezana kichwani. Kwao walikuwa wamefunga mahema mawili, watu wamejaa. Dada mkubwa wa yule bwana alikuwa mlangoni akipokea vitu. Akatutazama juu mpaka chini.

"Hawa wa wapi? Dumu wanalo, sura siwajui."

"Siku ya kwanza ya kujuana ni leo," nikamwambia. "Pokea, shingo inaniuma."

Yule mkuu akatuona. Akamsalimia mtoto kwa ncha za vidole, akasema karibuni, akaenda zake.

Wageni walipoanza kuchukua neno, nami nikanyoosha mkono. Bwana wa protokoli, anayeongoza shughuli, akaniinamia: "Dakika mbili, mukecuru, bibi yetu, watu wana njaa." Nikasimama.

"Wenye msiba," nikasema, "marehemu sikumjua. Mtoto huyu alitaka kuja kumzika, mimi nikamzuia. Nilikuwa na hasira na mwanawe, nikamlipizia mama ambaye hakunikosea kitu. Kosa ni langu, si la huyu. Naomba mnipokelee."

Watu wakapiga makofi yale ya polepole ya msibani. Mtoto akanivuta kitenge nikae. Ningekaa hapo, ningekuwa mtu wa maana. Sikukaa.

"Ila nina swali. Kuosha vioo aliosha. Damu alipima. Je, kazi nayo ilikosa mazishi, hata ikasahauliwa?"

Dada mkubwa akashika mdomo. Yule mkuu akasimama, nikajitayarisha kufukuzwa.

"Mukecuru, mdomo unao," akasema. Wengine wakacheka. "Na mimi nijibu mbele ya watu. Miezi sita nilikuwa sili mchana ili nimfundishe mtoto huyu hadubini. Hakuna aliyenilipa kufundisha. Namhesabu binti yangu. Mama anakufa, naangalia barabara, nasema atakuja. Naletewa mshumaa wa simu. Na waliponipigia kutoka Gitega, ndiyo siku ya kwanza nasikia kwamba kaniandika. Ningesema namjua nani?"

Kwamba alikuwa hali mchana, hilo sikulijua. Nikamgeukia mtoto. Alikuwa analia, anaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

Yule bwana akaomba dumu letu lifunguliwe. Akanywa kwanza yeye, akampa mtoto kwa mkono wake. "Bon," akasema, "Jumatatu nitapiga simu."

Na alipiga. Mtoto akaitwa, wakampa vioo vya majaribio, akavisoma vyote bila kukosea. Sasa anavaa koti lake jeupe pale Gitega, na mikono imeanza kulainika.

Mimi bado nimekasirika. Miezi sita ya mikono yake haikufungua mlango, dakika mbili za mdomo wangu zikaufungua. Mtoto wa mtu asiye na bibi mwenye mdomo anafanyaje? Bwana wa tai hakuwaambia hilo. Na yule mkuu, hata kama aliacha kula, alikuwa na kinywa cha kusema kazi yake ni nzuri ila simpendi.

Juzi mjukuu wangu akasema anakwenda Gasorwe kushukuru. Nikamwambia mimi siendi, magoti yananiuma. Magoti yangu hayana kitu. Lakini safari hii sikumzuia. Nilimkamatia jogoo mwenyewe, yule mkubwa kuliko wote, nikamfunga miguu huku namtukana yule bwana, nikamkabidhi mtoto nikamwambia asichelewe.