Ripoti Niliyoitoa Leo

Leo nimemtoa mama yangu kwenye utafiti.

Niko Garsen, nakusanya ripoti za wajawazito waliofariki wakati wa mafuriko. Kabla hatujaanza niliandika sheria mwenyewe: ripoti inayohusu kisa cha mgonjwa mmoja tu haiingii, na sheria haibadilishwi tukishaanza kusoma.

Asubuhi nikafungua ripoti fupi ya zamani. Mwanamke wa kijiji cha Chara alijifungulia mtumbwini akipelekwa hospitali, akafa njiani. Mtoto wa kike alifika hai, amefungwa leso nyekundu.

Jamani, hiyo leso ninayo.

Nikampigia mwenzangu tunayechambua naye. Nikamweleza, akasema, “Pole dada. Lakini sheria uliiandika wewe.”

Nikaitoa. Fomu ikadai sababu, nikaandika: kisa kimoja tu.

Mpaka sasa sijaweza kuifunga fomu hiyo. Nyinyi mngeandika nini?