Fimbo za Ski Zilizonizidi

Duka lile la mitumba la Balsall Heath, mjini Birmingham, lilinukia vitu viwili visivyopatana: naftalini ya makoti ya zamani, na vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa katika mkahawa wa jirani. Harufu hizo zilikutana mlangoni, na kwa mtoto aliyetoka nyumbani Kingstanding, upande wa pili wa mji, kwa mabasi mawili bila chakula cha mchana, ile ya pili ilikuwa mateso. Mama yangu hakuijali. Alinishika mkono akanipitisha katikati ya nguo zilizotundikwa hadi nyuma kabisa, alikokuwa Mama Hodan, mwenye duka, Msomali aliyekulia Nairobi na kuishi Norwei miaka kadhaa kabla ya kufika Birmingham. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mama alizungumza cha Bukavu, mwenzake cha Nairobi, na kila mmoja aliamini kwa moyo safi kwamba mwingine ndiye anayekiharibu.

Tulikwenda kutafuta fimbo za ski, zile za kujisukumia mtu anapoteleza kwenye theluji. Majira yale ya baridi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwalimu wetu wa michezo alikuwa akitupeleka kila wiki kwenye kilima cha kufunzia, kilichofunikwa mikeka ya plastiki yenye manyoya magumu kama ya brashi ya kusugulia sakafu. Hapakuwa na theluji hata chembe. Viatu na mbao za kutelezea tuliazimwa palepale. Kwanza tulifundishwa kuteleza mikono mitupu, na waliojua kusimama bila kugonga uzio wakaambiwa walete fimbo zao wenyewe, maana za watoto hazikutosha. Mimi nilikuwa nimejua kusimama. Ninamshukuru Mungu kwa mengi, na hilo pia ninalihesabu.

Lakini kabla sijaendelea, lazima niseme jinsi mama alivyokuwa akinunua vitu. Kule kwetu Bukavu alinunua kama wazazi wote niliowajua: kikubwa, mtoto akikulie. Viatu vilijazwa pamba mbele, na sketi ya dada yangu Furaha ilikunjwa pindo mara tatu, ikashushwa mwaka hadi mwaka, kila kunjo likiacha mstari wake. Tulipofika Uingereza akaacha. Tulikuwa tumeomba hifadhi na tunangoja jibu, na familia moja ya ushirika wetu wa kanisani ilikuwa imenyimwa na kurudishwa kwao. Mama alikwenda na akina mama wengine kusafisha nyumba yao, akayakuta makoti ya watoto kabatini, mapya, makubwa kupita kiasi, karatasi za dukani bado zikining'inia. Tangu siku hiyo kila alichotununulia kilitutosha siku ileile tu. Hata baba, aliyeongoza sala nyumbani, alikuwa ameanza kuomba ya siku moja moja. Mimi nilikuwa mtoto, sikuambiwa neno, lakini niliuona mkono wangu ukitoka polepole kwenye koti na nikajua maana yake. Mama hakuamini tena kwamba tutakuwepo baridi ijayo.

Mama Hodan alizijua fimbo za ski, kwa kuwa wanawe walikwenda nazo shule huko Norwei. Alivuta pipa lililojaa fimbo za kila rangi, akazipanga mbilimbili sakafuni, kisha akaniita.

"Kuja hapa, kijana. Simama wima, usijifanye mrefu."

Akaigeuza fimbo juu chini, mpini ukagusa sakafu, akaniambia niishike karibu na ncha, chini kidogo ya kile kisahani cha plastiki. Akautazama mkono wangu kwa jicho moja kama fundi seremala. "Kiwiko kikipiga kona sawasawa, hiyo ni yake. Kikipanda juu, ni ndefu. Kikishuka, ni fupi. Hizi nyekundu, walahi, ni kama alizaliwa nazo."

"Zinamutosha leo?" mama akauliza.

"Leo na hadi msimu uishe."

"Basi, tutabeba hizo. Aksanti."

Mama Hodan akaanza kuzifunga kwa kamba, huku akipiga soga kama kawaida yake. "Mimi huko Norwei nilikuwa kama wewe, dada. Nangoja karatasi, nanunua saizi ya leo. Nikasema, kesho siijui. Karatasi zikakawia. Lakini watoto hawakungoja karatasi, walikua tu! Siku karatasi zilipokuja, tukaenda kuzichukua, mkubwa amevaa koti linaishia hapa." Akajigusa juu ya kitovu, akacheka hadi akajishika meza. "Yule afisa alifikiri ni fashoni."

Mama alinitazama mkononi, pale koti lilipoishia, kwa muda mrefu hata nikaona haya nikauficha nyuma. Kisha akainama, akazirudisha zile nyekundu ndani ya pipa, akaokota jozi nyingine ya fimbo za buluu. Zilinifika kwapani.

"La, la, Mama Furaha!" Mama Hodan akapiga kelele. "Nimesema koti! Fimbo si koti! Huyu atajichoma jicho!"

"Mutoto atakua nazo."

"Dada, anza na viatu basi! Anza na sweta!"

"Nimeanza na hizi," mama akasema, na sauti ikamtetemeka kidogo. "Funga."

Jioni baba alizisimamisha fimbo zile kando yangu. "Umenunua ndefu," akamwambia mama. Mama akajibu, "Ndiyo," akaendelea kusonga ugali. Katika sala kabla ya chakula, baba alimwomba Mungu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, juu ya mwaka ujao.

Kule kilimani wenzangu waliniita Musa na kuniamuru niipasue bahari. Mwalimu alinionyesha nizishike chini ya mpini, nami nikashuka viwiko juu kama kuku anayetaka kuruka, nikaanguka, nikainuka nikicheka. Hakuna mtoto aliyekuwa na furaha kunizidi. Jibu letu lilikuja bado zikinizidi: tuliruhusiwa kukaa. Ziliponitosha nilikuwa nimehamia kwenye mpira, na mama akazitumia kuegemezea miche yake ya nyanya nyuma ya nyumba.

Sasa ndugu wamenifanya mzee wa kanisa, na mvi zimeanza kuitika cheo. Majuzi nilimpeleka binti yangu kuchagua fimbo, zamu hii kwa theluji ya kweli. Kijana wa dukani alimpima kiwiko, nami nikachukua zilizomtosha barabara. Binti yangu, anayenielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, akalalamika kwamba mwakani zitakuwa fupi. Nikamwambia, "Mwakani tutachukua nyingine."

Nililisema kirahisi, kama mtu anayetaja saa. Tulikuwa tumeshafika kwenye gari nilipotambua kwamba nimeahidi mwaka mzima bila woga na bila hata kusema Mungu akipenda. Mama yangu aliuahidi mwaka kama huo kwa fimbo ndefu tu, sauti ikimtetemeka. Nikazilaza fimbo kwenye buti, nikasema, "Mungu akipenda," kwa sauti, nimechelewa lakini kwa moyo wote, na binti yangu akaniuliza ninazungumza na nani.