Jumapili Aliyotembea Atupele

Sisi tuliokulia Matema enzi zile hatukuwa na bafu, wala hatukujua kama tumekosa kitu. Ziwa lilikuwa bafu letu, dobi wetu na uwanja wetu. Asubuhi tulishuka ufukweni na kipande cha sabuni ya mche, tukarudi tukitetemeka, tukala ndizi za kupika kwa usipa, dagaa wa ziwa letu, kisha shule. Jioni ilikuwa michezo ya rede na kombolela mpaka mama zetu waanze kuita, kila mmoja kwa sauti yake. Na wali mpya ulipoiva nyumba moja, majirani wote walijua, maana mchele wa Kyela hauna siri.

Katika kundi letu, mmoja tu hakukimbia. Huyo alikuwa mdogo wangu, Atupele. Wenzake wa rika lake walikwishaanza kujitwika vikopo vya maji, yeye bado alitambaa. Akili yake ilikuwa nyepesi na mdomo wake mwepesi zaidi, lakini miguu ilikataa. Muuguzi wa kliniki aliibonyeza, akamwambia mama, "Misuli ni dhaifu, lakini haijafa. Mfanyie mazoezi, na usichoke."

Mama hakuchoka. Alikumbuka namna wazee walivyofanya. Jioni tulimbeba Atupele hadi ufukweni, tukachimba shimo kwenye mchanga wenye unyevu karibu na maji, tukamsimamisha ndani, tukamfukia hadi mapajani. Mchanga ulimshika akasimama kama watu wengine, akitazama mitumbwi ikirudi. Sisi watoto tulimzunguka tukimwimbia nyimbo za shule ya Jumapili, naye akituamrisha turudie ule anaoupenda. Mama alikaa kando, midomo ikicheza taratibu. Alikuwa anaomba.

Jirani yetu Mama Lusajo alikuwa mwema, ila kunyamaza hakuwezi. Siku moja alitukuta pale akasema, "Mwenzangu, utachimba mchanga mpaka lini? Kuna mzee kule mlimani, anawasimamisha watoto. Twende nikusindikize."

"Ndaga, mwenzangu," mama alimshukuru. "Lakini nimeshamwomba Mungu. Siwezi kwenda kuomba kwingine naye hajanijibu."

Njiani kurudi nilimwuliza, "Mama, Mungu amechelewa?"

"Mungu hachelewi, Tumpe. Sisi ndio tunawahi." Akanipa jembe nibebe. "Na anayemsubiri Mungu hakai bure. Kesho tutachimba tena."

Polepole mashimo yakawa mafupi. Kutoka mapajani tukafika magotini, na Atupele akawa anasimama akicheka, mikono hewani. Kisha masika yakaingia. Ziwa lilichafuka, mawimbi yakala ufukwe wote, hatukuwa na pa kuchimba. Atupele akashikwa na malaria. Alipopona, miguu ilikuwa imekonda kama fimbo, na hata kushika kitanda asimame hakuweza. Kazi yetu yote ilikuwa imekwenda na maji.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Mama Tumpe, tumwache mtoto apumzike. Akiwa wa kutambaa, tutambeba."

Baadaye nilimkuta mama jikoni analia. Moto haukuwashwa, kwa hiyo sikuweza kujidanganya kwamba ni moshi. Nilisimama mlangoni nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa radi, kwa sababu kama mama angeacha, nani mwingine angeendelea?

Mvua zilipokatika na mchanga kurudi, alichukua jembe. Baba alimtazama akivuka ua. Akainuka, akalipokea jembe mkononi mwake, akatangulia yeye. Tangu jioni ile baba ndiye aliyechimba, na tulianza upya, mapajani. Zikaja siku za magotini, zikaja za vifundoni. Na jioni moja hatukuchimba kabisa. Atupele alisimama juu ya mchanga, akaanguka, akacheka, akasimama tena.

Ikafika sikukuu ya mavuno kanisani. Kila familia ilipanda mbele na mazao yake huku matarumbeta yakilia. Mama alijitwika beseni la mpunga lenye matunda machache ya kakao juu yake, Atupele yuko mgongoni. Tulipofika katikati ya viti, nilimsikia akisema, "Mama, nishushe. Nataka kupeleka mwenyewe."

Mama akamshusha, akampa tunda moja la kakao. Atupele alilikumbatia kwa mikono miwili akaanza kwenda. Hatua zake zilikuwa kama za mtu avukaye mto wenye mawe. Katikati ya njia akasimama, miguu ikatetemeka. Wapiga matarumbeta wakashusha vyombo vyao mmoja mmoja. Baba akasogea aende kumdaka, mama akamshika shati.

"Mwache," alinong'ona. "Tumsubiri."

Kanisa zima likasubiri. Atupele akavuta pumzi, akainua mguu, akaenda mpaka mbele, akaliweka lile tunda chini, akageuka kututazama.

Wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa Mama Lusajo. Alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Matarumbeta yalirudi kwa nguvu hata bati zikavuma, wazee wakainuka, baba akalia mbele za watu bila kujifuta. Mahubiri siku ile hayakuhubiriwa. Mchungaji alisema tu kwamba tumekwisha kuyaona.

Leo Atupele analima kakao Mwaya. Anaegemea kidogo upande wa kushoto akitembea, na mumewe hulalamika kwamba hamfikii njiani. Mama na baba wamelala makaburini. Mwanangu mimi, mtandao ukikwama kidogo tu, ananiambia, "Mama, nateseka." Namwonea huruma, maskini, hajui mateso yalivyo. Pale ufukweni petu siku hizi kuna nyumba za wageni, na vijana hupiga picha wakilipa ziwa mgongo, kisha huondoka kabla wimbi halijafika.

Sijui kama bado wapo wenye nafasi ya kumsubiri mtoto jioni baada ya jioni, masika yakaharibu, wakaanza tena. Ningependa wawepo. Ila nyakati hizi zinikimbize zitakavyo, sitikisiki. Nilikuwapo kanisani Jumapili ile, nikamwona mdogo wangu akifika mbele kwa miguu yake mwenyewe.